Mchoro ulipopinda, nililaumu sumaku

Kariakoo nilinunua ukanda wa nikeli, ule mafundi wanaounganishia betri za lithiamu, nikaukata vipande viwili vyenye ncha. Usiku, magari yakishapungua hapa Sinza na meza ikiacha kutetemeka, nilizigusanisha ncha hizo nikapitisha umeme. Waya mbili zilikuwa za mkondo, nyingine mbili za kupimia volti, maana ukinzani wa mguso ulikuwa kama omu 0.1 tu na ule wa waya ungeuficha.

Kadiri nilivyoongeza volti, ukinzani ulipanda. Karibu na volti 0.17 mchoro wa ukinzani dhidi ya volti ukapinda, ukawa unapanda polepole. Nilifurahi mno! Nikeli ni metali ya kisumaku, nikaamini nimeuona usumaku ukiuchezea mkondo. Nikasogeza sumaku ya spika karibu. Hakuna kilichobadilika.

"Umeangalia joto?" akaniuliza mwalimu wangu wa Mlimani.

"Nimevishika, Mwalimu. Havina hata uvuguvugu."

"Vipande, sawa. Na pale vinapogusana?"

Mguso wa nikeli wa omu 0.1 hauna hata upana wa mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Mkondo wote unabanwa hapo, na joto linazaliwa hapo hapo. Linalonistaajabisha hadi leo ni kwamba kilele cha joto hilo hakitegemei ukubwa wa mguso, bali volti. Chukua mraba wa volti, gawanya kwa mara nne ya 2.44 × 10⁻⁸ (namba ya Lorenz, inayounganisha upitishaji wa joto na wa umeme katika metali), jumlisha mraba wa halijoto ya chumba kwa kelvini, kisha tafuta kipeuo cha pili. Volti 0.17 inakupa karibu nyuzi 350 za Selsiasi, na nikeli hupoteza usumaku wake kwenye nyuzi 354; kupita hapo ukinzani wake hupanda polepole zaidi.

Nilijaribu kulikwepa joto kwa kupitisha umeme kwa milisekunde chache tu. Wapi! Mahali padogo hivyo hupata moto kabla hata mikrosekunde moja haijaisha.

Basi nikageuza swali. Nilizamisha mguso kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi nyuzi 100. Kama chanzo ni joto, kona ya mchoro ingetokea mapema, kwenye volti 0.157. Ilinichukua usiku tatu, kwa sababu volti ikizidi kidogo nikeli hulainika, ncha zinabonyea, na lazima ukate upya. Usiku wa tatu kona ikatokea kwenye 0.16.

Sasa nimenoa misumari miwili ya chuma. Chuma huacha usumaku kwenye nyuzi 770, kwa hiyo kona naitafuta kwenye volti 0.31.