Kumbukumbu ya mradi: kuyapa maji njia katika kiwanja cha mteremko, Matema

Septemba

Kiwanja kipo Matema, wilayani Kyela, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka kwa ghafla hadi Ziwa Nyasa. Mvua za huku huanza Novemba na hupamba moto Machi na Aprili, kwa hiyo kazi ya kuchimba lazima ikamilike wakati wa kiangazi. Nilipoyafuata makorongo kutoka chini kwenda juu, niliona kwamba yote yanatokana na njia ya ng'ombe inayopita juu ya mpaka, ambayo mvua ikinyesha hugeuka mto. Nimeamua kwamba hautapandwa hata mche mmoja kabla maji hayo hayajapata pa kwenda.

Wengi huanzia chini, kwa kujenga ukuta wa mawe ufukweni. Siafiki utaratibu huo, kwa sababu ukuta usioachiwa matundu ya kutolea maji hubeba uzito wote wa udongo uliolowa, huvimba katikati, na hatimaye huanguka na kuondoka na udongo uliokusudiwa kuulinda. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Matete yaliyopo huko yataachwa kama yalivyo, na wala sioni hasara, maana mizizi yake inaushika ukingo bila gharama yoyote.

Oktoba

Tumechimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu. Kipimo chetu ni fremu ya miti yenye umbo la A, miguu yake ikiachana kwa meta 2, na jiwe likining'inia kwa kamba kutoka kileleni. Chini ya mguu unaoelekea kwenye mkondo wa kutokea tulipigilia kibao chenye unene wa sentimita 1. Kamba inapotulia kwenye alama ya katikati, ardhi imeshuka sentimita 1 katika kila meta 2, yaani nusu ya asilimia. Mteremko ukizidi sana hapo, maji huchimba mfereji wenyewe. Ukipungua, tope hutuama. Mdomo wa kutokea tumeuelekeza kwenye korongo la mwamba, tukapanga mawe kwa ngazi ili maji yashuke bila kasi.

Novemba

Chini ya mfereji tumetengeneza matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, kisha tukapanda vetiva, nyasi zenye mizizi mirefu inayoshika udongo, kingoni kwa nafasi ya sentimita 15. Jirani yangu, mzee mwenye ng'ombe wa maziwa, alihoji kwa nini nisipande majani ya guatemala, ambayo angalau yanalisha mifugo. Hoja yake ina uzito, hivyo tuta la juu kabisa limepandwa guatemala, naye atakuwa akiyakata.

Desemba

Mvua kubwa ya kwanza imepita. Maji yalifika korongoni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, jambo lililotarajiwa kwa udongo mbichi, lakini hayakuvuka tuta lolote. Kwenye kona ya mfereji mchanga umetuama kiasi cha kufunika wayo, na utapaswa kuzolewa kwa sepeto kila baada ya mvua kubwa hadi majani yashike. Kilichobaki ni maji ya paa, ambayo bado yanamwagika nyuma ya jiko. Mabomba ya kuyapeleka kwenye tangi yatafungwa kabla ya Machi.