Skwati nzito: mi magoti hayanitishi, nyuma yako kuna nani?

Kila nikiposti kitu kuhusu skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni, lazima mtu anitumie ile video ya Mrusi Alexander Sedykh, mwaka 2020, kilo 400 mgongoni, anashuka na magoti yote mawili yanaachia kwa mpigo. Halafu anaandika chini "ndo maana mi sipigi mguu". Kaka, we unabeba 60 bana.

Watafiti waliokusanya tafiti za majeraha kwenye powalifti (mchezo wa kushindana kuinua vyuma vizito) walikuta kati ya jeraha 1 na 4.4 kwa kila saa 1,000 za mazoezi, mechi moja ya mpira wa miguu ina hatari kuliko hapo. Kwa hiyo tizi la kawaida wala halina shida.

Shida inaanza kwenye uzito wa juu kabisa. Pale ili mgongo usikunjike unavuta pumzi, unaifungia, unalisukumia tumbo kwenye mkanda, na ile presha ya tumboni ndo inakuwa nguzo ya uti wa mgongo. Sasa hiyo hiyo inapandisha na presha ya damu. Mwaka 1985 kuna watunisha misuli watano walipimwa presha ndani ya mshipa wa mkono huku wanasukuma mzigo kwa miguu yote miwili, wastani ukafika 320 kwa 250, mmoja akavuka 480 kwa 350, yaani hospitali ukikutwa na 180 tu nesi anakukalisha chini. Inapanda sekunde chache inashuka, wengi wanatoka salama, ila ndo unaona mtu anatoka damu puani, macho mekundu mishipa imepasuka, mwingine anazima akiwa amesimama. Mwenye presha asiyejijua ndo namuogopea zaidi.

Mgongo nao unadai chake. Ronnie Coleman, aliyebeba Mr. Olympia, taji kubwa la watunisha misuli, mara 8, alipiga skwati ya pauni 800 (kama kilo 363) mara mbili mfululizo, diski ya kati ya pingili ilishaumia tangu miaka ya 90 na akaendelea kubeba tu, leo ana operesheni kibao za mgongo na anatembelea magongo. Akiulizwa kuhusu majuto anasema alitakiwa apige nne! Mi hapo huwa nachoka. Brian Carroll, mpiga powalifti, naye mgongo ulivunjika, sakramu, ule mfupa wa chini ya pingili za kiuno, ukapasuka na pingili za juu yake zikaharibika, ila yeye mwaka 2013 akaenda kwa Profesa Stuart McGill wa Canada, mtaalamu wa mgongo, akaweka vyuma pembeni, akajijenga upya taratibu, na 2020 akainuka na pauni 1,306, karibu kilo 592, kwa suti maalum na bandeji za magoti. Halafu akastaafu. Huyo ndo namheshimu.

Ila waliokufa chini ya chuma hawakuwa na namba hizo. Kisiwani Bali, Indonesia, Julai 2023, mtunisha misuli Justyn Vicky alikuwa na kilo 210, akakaa chini akashindwa kuinuka, chuma kikamwangukia shingoni. Februari 2025 huko Bikaner, India, binti wa miaka 17, mshindi wa medali, kilo 270, hivyo hivyo shingo. Na wote wawili kulikuwa na mtu nyuma yao. Mtu mmoja hawezi kudaka kilo 200 zinazoshuka, atakachoweza ni kuanguka nazo. Kwenye mashindano ya IPF, shirikisho la kimataifa la powalifti, jukwaani wanatakiwa kuwepo wasaidizi kuanzia wawili mpaka watano, sio mapambo wale.

Sasa jimu zetu za kitaa, chuma ni bomba limechomelewa, uzito ni makopo ya saruji, raki ya kuwekea chuma ni miti miwili haina pini za pembeni za kudaka chuma kikianguka, na spota, yaani msaidizi wako, ni mshkaji anashika simu anarekodi. Kama raki haina pini usijaribu maksi yako, uzito wako wa juu kabisa, hapo, piga reps nyepesi uende nyumbani. Ukiwa nazo zipange chini kidogo ya pale chuma kinapofika ukiwa umekaa chini kabisa. Ukiwa na watu, wawili wakae pembeni kila mmoja na upande wake wa chuma, wa tatu nyuma akukumbatie kifuani, na mkubaliane neno la kuita kabla hujaingia chini ya chuma maana ukishafungia pumzi huwezi kuongea sentensi nzima. Sisi tunaita "twende".