Siku moja maishani mwangu: nesi wa dripu za kemo

Saa 10:30 alfajiri. Naamka kabla ya adhana. Chai ya rangi, uji wa mtoto kwenye chupa, namwamsha dada afunge mlango nyuma yangu, nawahi daladala Mbagala. Nikipata siti nasinzia hadi mjini.

Mimi ni nesi. Huu ni mwaka wa tisa naweka dripu za kemo kwa wagonjwa wa saratani, na siku ya kliniki ya matiti ndiyo ninayoipenda na ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mtaani nikitaja kazi yangu watu hunipa pole kama niliyefiwa. "Kwani wanapona?" Wanapona, wakiwahi. Tatizo ni kwamba wengi nchini kwetu hufika uvimbe ukiwa umeshapita hatua ya pili, na kabla ya kutufikia sisi wamepita kwingine kwingi. Huko kwingine ndiko ninakotaka kukusimulia, kwa sababu nusu ya kazi yangu iko huko na haiandikwi kwenye ratiba.

Saa 1:00 asubuhi. Ripoti ya zamu ya usiku, kuhesabu vifaa, kisha presha, uzito na urefu wa kila mgonjwa. Uzito hapa haupimwi kwa mazoea: dozi inakokotolewa kwa ukubwa wa mwili wa mtu, ikizidi inaua, ikipungua haitibu.

Saa 2:00. Kabla ya sindano yoyote nauliza swali langu. Zamani nililiuliza vibaya: "Hutumii dawa za kienyeji, sivyo?" Wote walijibu hawatumii. Nani angekubali mbele ya nesi aliyekunja uso? Sasa nasema hivi: "Mama, wengi hapa wana kitu wanachotumia nyumbani. Mlonge, majani ya stafeli, habasoda, mwarobaini, kombe. Wewe mwenzangu unatumia kipi?" Hapo mikoba inafunguliwa. Leo kwenye benchi la kwanza tu nimeonyeshwa chupa tatu, unga uliofungwa kwenye gazeti, na kopo la vidonge lisilo na jina wala tarehe.

Siwatupii. Tunachambua pamoja, kimoja kimoja. Kombe na maji ya dua: kunywa mama, ila hakikisha maji yamechemshwa. Tangawizi: kikombe chepesi kinaweza kumsaidia mtu kwenye kichefuchefu, lakini kinakwenda pamoja na vidonge vya kuzuia kutapika alivyoandikiwa, hakichukui nafasi yake. Majani yaliyoanikwa chini barazani: hapana, walau kwa sasa, kwa sababu siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya dripu chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka sana, na ukungu ambao mimi na wewe tungeumeza tusijue unaweza kumlaza yeye. Kopo lisilo na jina: hapana kabisa.

Kisha nawafundisha kitu kisicho na gharama. Vidole vitatu vya mkono mmoja uviweke chini ya mkunjo wa kifundo cha mkono wa pili, upande wa ndani. Pale kinapoishia kidole cha tatu, katikati ya kano mbili, bonyeza kwa dole gumba dakika mbili tatu. Ni elimu ya Wachina ya miaka mingi, na miongozo ya wataalamu wa saratani inaitaja kama nyongeza ya dawa za kichefuchefu. Kuna bibi mmoja kutoka Rufiji anaiita "kengele". Akianza kusikia tumbo linapanda, anabonyeza kengele.

Mimi naiita yote hii tiba ya kusindikiza. Anayekusindikiza anakwenda nawe njiani, habebi mzigo wote, wala hakugeuzi njia. Tiba mbadala ni neno jingine: hiyo inataka kukaa mahali pa kemo, pa kisu na pa mionzi. Watu wanayachanganya hayo mawili, na katika mkanganyiko huo nimezika wagonjwa niliowapenda.

Saa 4:00. Dripu zinatembea. Ile dawa nyekundu naisukuma mwenyewe kwa bomba la sindano, taratibu, macho kwenye mshipa, maana ikivuja nje inaunguza nyama. Namkumbusha mama kwamba atakojoa mkojo mwekundu na asiogope, si damu. Pembeni mtu ameanzisha pambio, akimaliza mwenzake anaitikia kwa kaswida. Hakuna aliyewapanga. Mapigo ya moyo yaliyokuwa juu asubuhi nayaona yakishuka, na sihitaji kushawishiwa kwamba kuimba ni sehemu ya matibabu.

Saa 5:30 ndipo siku ilipopinda.

Majibu ya maabara yamechelewa, mashine imesumbua tangu asubuhi. Yalipofika, faili moja lilirudi na alama ya daktari: vimeng'enya vya ini viko juu mno, dripu isubiri wiki mbili. Ni dada wa miaka arobaini na kitu, alikuwa aanze paklitaxeli, mojawapo ya dawa za kemo, leo. Amekuja kutoka Sumbawanga kwa basi pamoja na kaka yake mkubwa. Nilipowaeleza, dada aliinamisha kichwa. Kaka alisimama.

"Sista, tumelala njiani. Nimeuza mahindi. Unaniambia wiki mbili?"

Ana haki, na nilimwambia hivyo. Wiki mbili Dar ni kula kwa watu, ni nauli juu ya nauli. Lakini ini ndilo linaloisafisha dawa hii mwilini. Likiwa limechoka, dawa inabaki ndani na kuangamiza. Nikauliza swali langu kwa mara ya pili, maana asubuhi dada alisema hatumii chochote. Kimya. Kisha nikaona kati ya miguu ya kaka dumu la njano la lita tano, limefungwa kitambaa.

"Hiyo ni dawa ya miti," alisema. "Haina kemikali. Zenu ndizo sumu. Mmemkata, na kila mtu anajua saratani ikiguswa na kisu inasambaa."

Nilimjibu la kisu, kwamba haisambai kwa kukatwa, inasambaa kwa kuachwa. Hakusikia. Alinichezea sauti ya mtu kwenye simu yake anayedai kuponya kila kitu. Aliita ndugu wa mgonjwa mwingine wasikilize. Dripu mbili zilikuwa zinalia zimekwisha, mwenzangu yuko peke yake, miguu inaniwaka, na huyu kaka anaanza hadithi upya kila nikidhani amemaliza. Nilikuwa na takwimu mdomoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 kwamba wagonjwa wa saratani ya matiti ambayo haijasambaa mbali, waliochagua tiba mbadala peke yake, walikuwa kwenye hatari ya kufa zaidi ya mara tano ya waliotibiwa hospitali. Niliimeza. Dada yake alikuwa amekaa pale pale anatusikiliza, na yeye si takwimu.

Badala yake nilimwambia: "Kaka, hii dawa tuliyotaka kumpa leo asili yake ni gome la mti. Unaota Marekani, pwani ya magharibi."

Akanyamaza. "Kwa hiyo na nyie mnatibu kwa miti."

"Tunatibu kwa miti. Tofauti ni kwamba najua miligramu ngapi zinaingia kwa dada yako, kwa kipimo cha mwili wake, na najua ini lake leo linaziweza au haliziwezi. Kwenye dumu hili najua nini?"

Hapo alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimpigia mganga, akanipa simu.

Nikaamkia, maana sauti ilikuwa ya mzee. Nikajitambulisha. Mzee akaniambia ana cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamweleza habari za ini na dripu. Kimya kirefu. "Dripu zipi, mwanangu? Mimi niliambiwa hospitali imemkataa, hakuna matibabu."

Nilikaa chini. Miaka yote hii nimelalamika kwamba wagonjwa wanatuficha sisi habari za mganga. Haikuwahi kunijia kwamba wanamficha mganga habari zetu. Dada huyu alikuwa na watabibu wawili, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na ini moja likipokea vya wote wawili. Siwezi kusema kwa hakika kwamba dumu ndilo kosa. Daktari ameagiza pia kipimo cha homa ya ini, na tusubiri. Lakini mzee alisema mwenyewe, simu ikiwa kwenye spika: "Weka dumu pembeni mpaka sista amalize. Nisingempa kama ningejua." Kaka aliyenipinga saa nzima alilibeba dumu hadi chini ya meza yangu bila neno. Nimelibandika plasta yenye namba ya faili.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokula. Wali ulikuwa umepoa. Mchana umebaki vipande tu: mama aliyepata mzio dakika ya kumi ya dripu, tukaifunga, oksijeni, akatulia, mwingine mkono umevimba baada ya upasuaji, nyumbani wanamkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu wakidhani wanatoa uvimbe, kumbe moto na nguvu vinauzidisha. Nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi akafundishwe kuchua kwa wepesi, kama mtu anayempangusa mtoto. Kuandika mafaili. Kuandika tena kwa sababu kalamu imeisha wino katikati.

Tumefunga giza limeingia. Nimesimama kwenye daladala mpaka Rangi Tatu, mtoto nimemkuta amelala.

Miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, simu imeita. Namba ya kaka, sauti ya dada. Anaongea chini chini, wamefikia kwa shemeji yao Gongo la Mboto na watu wamelala. Ameuliza kama hizi wiki mbili anaruhusiwa hata chai ya tangawizi, au nayo aiache.

Nikamwambia asubiri hadi Jumatatu, nimuulize daktari kwanza kwa ajili ya ini. Akasema sawa, kisha akanitajia, bila kuulizwa, vitu vingine viwili alivyokuwa anakunywa. Nimeviandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, karatasi pekee iliyokuwa karibu.