Halmashauri Niliyoipigia Kura Mara Moja

Kadi ya kura iliangukia mlangoni pamoja na vipeperushi vya piza. Ilikuwa Aprili 2015, nina mwaka wa tatu hapa Corby, mji wa Uingereza, na pasipoti niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya Tanzania. Nikajua wamekosea. Kumbe ile fomu iliyoletwa nyumbani, niliyoijaza haraka haraka ili nikalale kabla ya zamu, ndiyo ilikuwa ya kujiandikisha.

Jirani yangu, mzee wa Kiskoti aliyestaafu kwenye kiwanda cha mabomba ya chuma, aliitazama ile kadi akacheka. "Wewe si mtu wa Jumuiya ya Madola? Nenda kapige kura bwana."

Ni kweli. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda ambaye nchi yake imeingia Jumuiya mwaka 2009, akiwa na kibali halali cha kuishi Uingereza anachagua diwani na mbunge bila kuwa na uraia. Kwetu Tanga nilikozaliwa, aliye ughaibuni hana pa kupigia kura. Lakini mgeni wa jana hapa Northamptonshire nachagua. Kazini zamu yetu ilikuwa na vituko vyake: mimi nilipewa karatasi mbili, rafiki yangu Mpolandi, wa Umoja wa Ulaya, alipewa moja ya udiwani tu, na Mrundi wetu, ambaye nchi yake haimo Jumuiya ya Madola, akabaki kutuuliza sisi habari. Watatu tunasukuma toroli moja, kodi tunakatwa sawa.

Tarehe 7 Mei nikaenda kituoni, shule ya msingi. Nilikuwa nimebeba pasipoti, kibali na bili ya umeme, kwa sababu mimi ni Mtanzania na najua kuzungushwa. Mama wa pale hakutaka kuona chochote. Nilitaja jina na anwani, akapiga mstari kwa rula, basi. Ndani ya kibanda, penseli imefungwa kwa kamba. Penseli! Nilipotoka nilisimama kidogo nikisubiri kuchovya kidole, mpaka yule mama akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Matokeo ndiyo yaliyonichanganya. Kwenye halmashauri, chama cha Labour walizoa viti 24 kati ya 29. Mbunge wa jimbo la Corby, siku ileile, akapita wa chama pinzani cha Conservative, Tom Pursglove. Nikamfuata mzee: watu wa mji huu mna akili mbili? Akanieleza kwamba jimbo linachukua na huko Oundle, Thrapston na vijijini, kwa wenye mashamba na nyumba za mawe. Halmashauri ilikuwa ni mji wenyewe, na mji wenyewe ni chuma.

Hapo huwezi kumkatiza. Corby ilikuwa kijiji mpaka kampuni ya Stewarts & Lloyds ilipojenga kiwanda miaka ya 1930 na kuleta mafundi wake kutoka Skotlandi. Wakaja na lafudhi yao na ile soda yao ya rangi ya chungwa. Mpaka leo watu wanaiita Skotlandi Ndogo. Halmashauri ya wilaya ilichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1973, ikaanza kazi Aprili 1974. Labour waliwahi kupoteza wingi wa viti mwaka 1976, wakaurudisha Mei 1979, siku ileile ya uchaguzi mkuu uliomwingiza Margaret Thatcher wa Conservative ikulu ya Downing Street. Mwaka uliofuata tanuri za chuma zikazimwa na maelfu wakakosa kazi. Baada ya hapo, mzee anasema, hukuhitaji kumfanyia mtu wa Corby kampeni. Labour hawakuondoka tena.

Na hawakuondolewa kwa kura. Kilichoiua halmashauri yetu ni deni la wengine. Huku kulikuwa na ngazi mbili: Corby walishughulikia takataka, nyumba za halmashauri na vibali vya ujenzi, na juu yao kulikuwa na halmashauri ya kaunti yenye barabara na matunzo ya wazee, mikononi mwa Conservative. Kaunti ilihamia jengo jipya la paundi milioni 53 mwaka 2017, na Februari 2018 ikatangaza haina fedha. Ofisi mpya hata haijaisha harufu ya rangi! Mkaguzi wa serikali, Max Caller, akashauri zote zivunjwe, kaunti pamoja na wilaya saba. Halmashauri saba kati ya nane zilikubali kupeleka pendekezo. Corby walikataa. Hawakusikilizwa.

Uchaguzi wa 2019 ukasogezwa hadi 2020, ikaja Korona, ukasogezwa tena. Kwa hiyo wale niliowachagua kwa miaka minne walikaa sita, mpaka 31 Machi 2021, siku ya mwisho ya halmashauri. Mimi nikawa nimeipigia kura mara moja maishani. Tukaunganishwa na Kettering, Wellingborough na East Northamptonshire kuwa halmashauri moja mpya, na kwenye uchaguzi wake wa Mei ule Conservative wakachukua viti 60 kati ya 78. Mzee hakutoka nje siku mbili.

Mwaka 2025 Mrundi wetu alikuwa ameshapata uraia. Akanipigia simu usiku kuuliza abebe nini, nikamwambia siku hizi lazima kitambulisho chenye picha, sheria imebadilika. Akaenda saa moja asubuhi, amevaa suti. Kesho yake chama cha Reform UK wakachukua halmashauri hiyo mpya, na mgombea wake akaanguka. Akanipigia tena.

"Sasa nafanyaje?"

"Unasubiri miaka minne."

"Na halmashauri itakuwepo?"

Nikamwambia akamuulize mzee.