Siku paa la shangazi lilipoezuliwa

Kaskazi ikivuma Januari na Februari, uwanda wa kusini mwa Unguja hukauka mpaka majani yakawa yanavunjika mkononi. Udongo wenyewe haba, umekaa juu ya jiwe, na mizizi inatambaa ndani ya nyufa. Ndio wakati wakulima wanapofyeka vichaka na kuvichoma, wapate pa kupanda mtama na mbaazi masika ikiingia.

Kijiji chetu kiko upande wa magharibi, si mbali na Muyuni. Mashariki na kaskazini ni maweni matupu, yaani vichaka vilivyoota juu ya jiwe, nyuma ya nyumba ni bahari. Kwa upepo ule, moto ukiponyoka maweni unakuja kwetu.

Nilikuwa bado skuli ya msingi. Saa nne asubuhi mwalimu alitutoa darasani, moshi umeshafunika jua. Wengine walisema kuna aliyechoma shamba bila kusubiri upepo utulie, wengine wakasema ni mrina asali aliyeacha mwenge. Jibu halikupatikana mpaka leo.

Fikra ya kwanza ilikuwa wazee na watoto wapakiwe ngalawani. Lakini ilikuwa bamvua, maji yamekupwa, vyombo vyote vimelala mchangani. Bibi alikalishwa ufukweni kajifunika kanga iliyoloweshwa. Agosti 2023, niliposikia kwamba watu wa Lahaina, kisiwani Maui, walijitupa baharini kukimbia moto, nilimkumbuka yeye. Kule upepo mkali ulipitisha moto kwenye nyasi kavu, zikiwemo za mashamba ya miwa yaliyoachwa, na watu zaidi ya 100 wakafa. Nimechoka kusikia kwamba kisiwa kimezungukwa na maji, basi moto wa kichaka si tatizo lake.

Maji tuliyokuwa nayo siku ile yalikuwa ya pangoni. Kinamama walijipanga toka mdomo wa pango mpaka mitaani, ndoo zikipita mkono kwa mkono, na bado hayakutosha kulowesha mapaa yote. Babu na wenziwe wakakata shauri: nyumba za mwisho, zinazotazama maweni, ziezuliwe. Kuti kavu likishika cheche hupeperuka na upepo, likaangukia paa la tatu au la nne.

Ya kwanza ilikuwa ya shangazi. Alikuwa mjane, na makuti yale aliyashona mwenyewe.

"Mwanangu, nipe paa lako," babu alimwambia.

"Chukua, baba."

Akafunga kanga kiunoni, akawa anayakokota makuti kuyapeleka pwani pamoja na wanaume.

Huku nyuma vijana walifyeka njia pana mbele ya nyumba. Babu akawasha moto kwenye ukingo wake wa nje, ukawa unakula polepole kuelekea upepo unakotoka. "Dawa ya moto ni moto," alisema, naye akimaanisha hivyo hasa. Sisi watoto wakubwa tulipewa matawi mabichi, tupige kila cheche iliyovuka. Alasiri mioto miwili ikakutana, na mkubwa ukakosa cha kula. Banda la mbuzi liliungua na minazi kadhaa ikashika vileleni. Nyumba zilisalimika.

Usiku hatukulala. Moto ulikuwa umeshuka kwenye mizizi, ukawa unafukuta chini ya mawe na kuzuka pengine kabisa. Zamu za kulinda ziliendelea siku nyingi. Kuni, mizinga ya nyuki, dawa za miti, vyote vya upande ule vilikwisha, na paa nunga, wale wanyama wadogo wa jamii ya swala, tuliwakuta wamekufa.

Makuti ya shangazi yalishonwa kwa ujima, akaezekewa kabla ya mvua. Ukawekwa na mwiko: hachomi mtu mchana, hachomi bila kuwaita majirani, na ile njia ifyekwe kila mwaka.

Sasa ufukweni kuna hoteli zenye mapaa ya makuti mapana kuliko msikiti wetu, na mitungi ya gesi pembeni. Nawaomba kwa dhati wenye hoteli nao washike majembe, kwani njia ile inawalinda na wao. Shangazi aliifyeka kila kiangazi mpaka magoti yalipomkatalia, na hata hapo alikuwa akipeleka kiti chake kusimamia.