Namba ya madhila ya utotoni isomwe vipi

Maswali kumi kuhusu madhila uliyopitia utotoni yamezagaa mitandaoni. Unajibu ndiyo au hapana, unajumlisha, unabaki na namba. Aliyepata sita anajiona kashahukumiwa kufa mapema, aliyepata moja anajiona yuko salama. Wote wawili wameisoma vibaya.

Chimbuko lake ni madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani. Mwaka 1998 walichapisha majibu ya watu zaidi ya 9,000 waliopimwa afya kwa Kaiser Permanente, shirika la bima na matibabu, huko San Diego. Waliulizwa mambo saba ya kabla ya miaka 18: kutukanwa na kutishwa, kupigwa, kuingiliwa kingono, mama kupigwa, na kuishi na mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya, mgonjwa wa akili au mtu aliyefungwa. Wazazi kutengana, kunyimwa matunzo na kunyimwa upendo viliongezwa baadaye. Waliopitia manne au zaidi, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja, walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua. Maradhi ya moyo, mapafu na ini nayo yalipanda kadiri idadi ilivyopanda. Na wengi wa waliohojiwa walikuwa wasomi wenye kipato cha kati na bima, hivyo umaskini peke yake hauelezi matokeo hayo.

Madhila huleta maradhi kwa njia mbili. Ya kwanza ni homoni za hofu: mtoto akitishwa, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini, kisha kortisoli. Moyo hudunda, sukari hupanda. Hofu ikipita, kortisoli yenyewe huurudishia ubongo ishara ya kuacha. Isipopita, breki hiyo huharibika: kwa wengine kortisoli hubaki juu, kwa wengine hushuka chini ya kawaida. Ndiyo maana kuipima mara moja maabara hakusemi lolote kuhusu utoto wa mtu. Usitupe pesa huko. Kazi nyingine ya kortisoli ni kutuliza uvimbe mwilini (mwitikio wa kinga ya mwili, si jipu wala saratani), na seli zikishaacha kuitii, uvimbe wa chini kwa chini huendelea kuzila kuta za mishipa ya damu. Huko Dunedin, New Zealand, watu waliofuatiliwa tangu kuzaliwa walipimwa damu wakiwa na miaka 32. Waliotendewa vibaya utotoni ndio walioonyesha zaidi dalili za uvimbe huo.

Njia ya pili ni sigara, pombe na ulaji, ambavyo mara nyingi ni dawa ya kujitibu. Ukimnyang'anya mtu dawa yake bila kumpa nyingine, atairudia.

Sasa kasoro ya namba. Kupigwa mara chache na kupigwa kila wiki kwa miaka kumi ni alama moja ileile. Haiulizi umri, wala kama kulikuwa na mtu mzima wa kukimbilia, na huyo hupunguza madhara sana. Mwaka 2020 Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, alionya isitumike kumpima mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo mwambie daktari historia yako kama unavyomtajia kisukari cha ukoo, bila kulazimika kusimulia yote. Omba shinikizo la damu, sukari na lehemu (kolesteroli) vipimwe mapema. Kama bado unaota majinamizi au unashtuka ovyo, tafuta mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe. Ushauri wa jumla mara nyingi hautoshi. Nanyi wahudumu wa afya, msiulize maswali haya mapokezini au mbele ya mwenza, na msiulize kabisa kama hamna pa kumpeleka anayejibu ndiyo.