Kijiji kinachohesabu miaka kwa nadhiri

Hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, ukimuuliza mzee umri wa mwanawe, huenda akakutajia kwanza mwaka wa imbalu, yaani sherehe ya tohara, aliotahiriwa, nao huwa ni mwaka wa shufwa, kwa kuwa Wamasaba hawatahiri vijana wao katika mwaka wa witiri. Kwa sababu hiyo, nilipoanza kusoma habari za Oberammergau, kijiji cha watu wapatao 5,000 katika milima ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nilielewa mara moja kwa nini wenyeji wake hupima maisha kwa miaka inayoishia na sifuri. Kila baada ya miaka kumi wao huigiza Mateso ya Yesu, na mtu aliyekuwa mtoto katika umati wa mwaka 1980 anaweza kuwa askari wa Kirumi mwaka 1990 na mtume mwaka 2000.

Chanzo chake ni tauni. Wakati wa Vita vya Miaka Thelathini ugonjwa ulipokuwa ukimaliza watu wa vijiji vya jirani, Oberammergau iliweka walinzi ili mtu yeyote asiingie. Masimulizi ya kijiji yanasema kwamba kibarua mmoja, Kaspar Schisler, aliyekuwa akifanya kazi Eschenlohe, aliwakwepa walinzi hao usiku kwa sababu alitaka kuwa na mke na watoto wake katika sikukuu ya kanisa, na tauni ikaingia pamoja naye. Simlaumu. Mwaka 2020, usafiri ulipopigwa marufuku nchini mwetu, wako waliotembea kwa miguu siku kadhaa kutoka Kampala ili wafike kwao, na wengi wetu tungefanya hivyo hivyo. Mwaka 1633, baada ya kuzika watu wengi, viongozi wa kijiji waliweka nadhiri kwamba wakiokolewa wataigiza Mateso kila baada ya miaka kumi, na inasimuliwa kwamba tangu siku hiyo tauni haikuua mtu mwingine. Mchezo wa kwanza ulifanyika Pentekoste ya mwaka 1634, jukwaa likiwa limejengwa makaburini, juu ya wafu wale wale. Tangu mwaka 1680 ukahamishiwa miaka inayoishia na sifuri.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi nadhiri hiyo inavyoingia katika maisha ya kila siku. Mtu haruhusiwi kupanda jukwaani isipokuwa amezaliwa kijijini au ameishi hapo miaka 20. Kuanzia Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia mchezo, waigizaji huacha kukata nywele, na wanaume huacha kunyoa ndevu, kwa sababu nywele za bandia hazitumiki. Warumi pekee husamehewa. Kwa hiyo ukimkuta mwalimu au fundi seremala mwenye ndevu hadi kifuani, ujue anatimiza neno lililosemwa na wazee wake karibu miaka 400 iliyopita. Mchezo wenyewe huchukua takriban saa tano, na katika msimu mmoja karibu nusu ya kijiji hushiriki, kuanzia watoto wachanga mikononi mwa mama zao hadi wakongwe.

Kijiji kina mengine pia: kuta za nyumba zilizochorwa picha za watakatifu, ambazo huitwa Lüftlmalerei na ambazo nyingi nzuri zilichorwa na Franz Seraph Zwinck katika karne ya 18, pamoja na uchongaji wa misalaba ya mti, kazi ambayo ina shule yake. Hata hivyo, yote hayo hurudi kwenye nadhiri, kwa kuwa anayechonga Msulubiwa wakati wa theluji huenda ndiye atakayetundikwa msalabani jukwaani.

Nadhiri hiyo imewahi kukatizwa. Mwaka 1940 vita viliizuia, na Machi 2020, wiki ile ile makanisa yetu yalipofungwa, mchezo uliahirishwa hadi Mei 2022 kwa sababu ya korona. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa ndani ya mchezo wenyewe. Wanawake walioolewa, au waliopita miaka 35, walizuiwa kushiriki hadi mwaka 1990, baada ya kesi mahakamani. Na kwa vizazi vingi Wayahudi walionyeshwa kama kundi la wauaji wa Kristo. Hitler mwenyewe alikuja kutazama mwaka 1934, mchezo ulipotimiza miaka 300. Christian Stückl, mzaliwa wa kijiji na mwongozaji wa mchezo tangu mwaka 1990, ndiye aliyeanza kuyasafisha maneno. Katika mchezo wa mwaka 2000 kilio cha umati, "Damu yake na iwe juu yetu na juu ya watoto wetu", kiliondolewa. Siku hizi Yesu huitwa Rabi, na wote jukwaani huimba Shema, sala ya Kiyahudi ya kukiri Mungu mmoja, kwa Kiebrania. Mwaka 2022 mmoja wa waigizaji wawili wa Yuda alikuwa kijana Mwislamu, Cengiz Görür.

Haya si mambo ya mbali kwangu. Kwenye kilima cha Nabugoye, karibu na mji wetu, wanaishi Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao huimba Shema hiyo hiyo. Watoto wao na wetu hukaa dawati moja. Kila Ijumaa Kuu vijana wa parokia yetu huigiza Njia ya Msalaba barabarani, na mwaka baada ya mwaka nimewasikia wakikipaza kilio kile mbele ya maduka, ambako jirani Myahudi anaweza kuwa amesimama akinunua sukari. Kwa ajili ya Kwaresima ijayo nimepewa kazi ya kunakili maneno ya waigizaji. Mstari huo sikuuandika, na padre alipouliza ulikokwenda nilimsimulia habari za Oberammergau, naye akaniomba nije niwasimulie vijana kabla ya mazoezi ya kwanza.